Dar, Saadani, Pangani, Amani: mwongozo kamili wa safari ya gari kwenye pwani ya kaskazini ya Tanzania

Kabla hujapiga simu kutafuta chumba, tafuta kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa dukani. Safari ninayoieleza hapa inaanzia Dar es Salaam, inapita Bagamoyo, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, Ushongo, Pangani na Tanga, kisha inapanda msitu wa Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki na kurudi kwa njia ya Segera. Mzunguko mzima ni kama kilomita 700 hadi 800, na siku nane zinautosha vizuri. Wanyama watakusubiri, msitu utakusubiri. Kisiwa cha Maziwe hakisubiri mtu, kwa sababu bahari hukifunika na kukifunua kwa ratiba yake. Kwa hiyo ratiba yote tutaipanga kuanzia hapo.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe kwa kufuata mwezi

Maziwe ni kifungu cha mchanga kilichozungukwa na matumbawe, mbele ya fukwe za Ushongo na Pangani. Zamani kilikuwa na miti. Bahari ikakila, miti ikaisha. Kimehifadhiwa tangu mwaka 1975 na leo ni eneo tengefu la bahari. Maji yakijaa kinazama. Yakipwa, unapata mchanga mweupe wa kutembea na matumbawe ya kuogelea juu yake.

Wavuvi wa pwani hawahitaji jedwali kujua siku nzuri. Tarehe 1 hadi 4 za mwezi mwandamo, na tena tarehe 15 hadi 18, ni bamvua: maji hupwa mbali sana na kujaa sana. Kwenye pwani hii, siku ya kwanza ya bamvua maji hufika mwisho wa kupwa karibu saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo katika siku hizo una nafasi kati ya saa nne na saa sita na nusu mchana, jua likiwa juu na maji yakiwa maangavu. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali, kupwa kwenyewe hutokea alasiri, na kifungu kinachobaki ni kidogo au hakipo kabisa. Ukienda siku hizo utalipa boti na kurudi na picha za maji.

Faida nyingine ya bamvua ni kwamba maji yaliyopwa saa nne asubuhi hujaa saa kumi jioni, saa ambayo kila mtu anataka kuogelea ufukweni. Watu hulalamika kwamba fukwe za Pangani “hazina maji” kumbe wamefika siku ambazo maji ya kuogelea yako saa nne asubuhi nao wamelala.

Ukishapata siku ya Maziwe, iite siku ya nne. Hesabu nyuma: siku ya kwanza Bagamoyo, ya pili Saadani, ya tatu unaingia Ushongo jioni. Kisha hesabu mbele: ya tano Pangani na Tanga, ya sita na ya saba Amani, ya nane kurudi.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei usiyajaribu. Udongo mweusi wa Saadani ukilowa hunasa hata Land Cruiser, na mlima wa Amani huteleza. Juni hadi Agosti barabara ni kavu lakini upepo wa kusi huchafua bahari, na boti ndogo hupata tabu. Mimi ningechagua Septemba na Oktoba, wakati kusi imechoka na vuli haijaanza, au Januari na Februari ambapo kaskazi inavuma, joto ni kali lakini bahari ni safi.

Hatua ya pili: gari

Unahitaji gari lililonyanyuka, lenye magurudumu yote manne yanayovuta. Prado, Land Cruiser, Hilux, hata RAV4 ya zamani kwenye ukavu itafika. Noah na gari ndogo zitafanya safari ya Bagamoyo, Tanga na Muheza bila shida, ila ziache nje ya hifadhi.

Mwambie fundi akague vitu hivi mbele yako: breki (Amani ina mteremko mrefu), rejeta na mabomba yake, mikanda, bushi za mbele, na betri. Kisha wewe mwenyewe toa spea tairi uipime upepo. Wengi hawaigusi mpaka siku ya pancha. Kwenye buti weka jeki pamoja na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea chini, kwa kuwa jeki kwenye mchanga huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Ongeza koleo, kamba ya kuvutia, pampu ndogo ya upepo inayotumia umeme wa gari, kipimo cha upepo, fyuzi za akiba na lita ishirini za maji. Kizima moto na pembetatu za kuakisi lazima viwepo, trafiki watakuuliza.

Jambo moja la udereva nilieleze kwa urefu, maana ndilo linalowakwamisha wengi kati ya Saadani na Ushongo. Ukiona mchanga mzito mbele, simama kabla ya kuuingia. Punguza upepo wa matairi yote manne hadi karibu 20 kwenye kipimo cha psi, ili tairi lilale na kukanyaga eneo kubwa. Ingiza magurudumu manne, weka gia ya pili, kisha ingia kwa mwendo wa wastani usiobadilika. Usikate kona kali, usikanyage breki ghafla, usibadilishe gia katikati. Gari likianza kuzama, acha mafuta mara moja. Kukanyaga zaidi ni kuchimba kaburi la tairi. Shuka, fukua mchanga mbele ya kila tairi kwa koleo, tandika matawi makavu yaliyokwisha kuanguka, rudi nyuma kwanza kwenye alama zako mwenyewe, kisha jaribu tena. Ukifika kwenye barabara ngumu jaza upepo kabla ya kuongeza kasi. Tairi laini likikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Hatua ya tatu: vibali, pesa na mzigo

Viingilio vya Saadani hulipwa kwa kadi, simu au benki kwa kutumia kontroli namba, si kwa pesa taslimu mkononi mwa askari. Kama getini mtandao unasumbua utapoteza asubuhi nzima, kwa hiyo omba namba hiyo mapema na ulipe ukiwa bado Bagamoyo. Raia na wakazi wa Afrika Mashariki wana viwango vyao, vya chini sana kuliko vya wageni wa nje, lakini kitambulisho lazima kionekane: NIDA, pasipoti, au kibali cha ukaazi. Kibali huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa nane mchana, una mpaka saa nane mchana kesho yake, na hivyo unapata jioni moja na asubuhi moja za kutazama wanyama kwa malipo ya siku moja. Maziwe ina kiingilio chake cha hifadhi za bahari, na Amani inalipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Beba noti ndogondogo kwa ajili ya kivuko, samaki, madafu na waongoza wageni wa vijijini. Usibebe mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Chukua chandarua, dawa ya mbu, tochi ya kichwani, viatu vya kupandia na viatu vya plastiki vya kutembelea kwenye matumbawe (miba ya urumba, kiumbe wa baharini mwenye miiba mirefu, haichezewi), sweta kwa ajili ya Amani, na nguo za rangi ya kaki au kijani kwa Saadani. Nguo za bluu na nyeusi huvuta mbung'o, na mbung'o wa Saadani wanauma kupitia shati.

Siku ya kwanza: Bagamoyo

Ni kilomita 70 tu, ila ondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi uikwepe foleni ya Tegeta na Bunju. Njiani shika hamsini penye vibao vya hamsini. Tochi za trafiki, zile za kupima mwendo, zinakaa hapohapo kibao kinapoanzia.

Nenda Kaole kwanza, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara, kabla jua halijawa kali. Kisha misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na mji mkongwe ambao Wajerumani waliufanya makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar mwaka 1891. Jioni jaza tangi la mafuta mpaka juu. Kituo cha uhakika kinachofuata kiko Pangani, na yale ya kwenye chupa vijijini yaache kwa wenye pikipiki.

Siku ya pili: Saadani

Kuna njia mbili. Ya kwanza inachepuka Makurunge kwenye barabara ya Bagamoyo–Msata na kwenda kaskazini kupitia Mto Wami. Ya pili ni ndefu: unakwenda Msata, unashika barabara ya Segera hadi Mandera, unaingia kulia kupitia Miono. Barabara mpya ya kutoka Makurunge hadi Pangani na Tanga inajengwa kwa vipande, hivyo hali hubadilika baada ya kila mvua na kila mkandarasi. Piga simu kwa mwenye malazi yako siku moja kabla, muulize gari la mwisho lilipita wapi na ni gari gani. Jibu la “barabara ni nzuri” kutoka kwa mtu wa pikipiki lisikutoshe.

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania Bara ambayo mbuga yake inashuka mpaka kwenye mchanga wa bahari. Watu huja wakitarajia Serengeti ndogo, na hapo ndipo wanapovunjika moyo. Wanyama hapa si wengi kwa makundi na wana woga zaidi. Twiga, nyati, kuro, tohe, ngiri na kongoni utawaona bila kusumbuka sana. Tembo huhitaji subira. Simba ni bahati. Thamani ya Saadani ni mchanganyiko: twiga wakila migunga huku unasikia mawimbi, na heroe wakisimama kwenye maji ya chumvi karibu na kijiji.

Jioni ya kwanza zunguka kwa gari mpaka jua linapokaribia kuzama. Asubuhi ya pili chukua boti kwenye mlango wa Mto Wami. Hapo maji matamu yanakutana na ya chumvi. Upande mmoja mikoko, upande mwingine minazi mwitu, viboko wamejazana kwenye kina na mamba wamelala kingoni. Ndege ni wengi: mdiria, tai mla samaki, membe. Kama pesa inatosha shughuli moja tu, chagua hii ya boti uache mzunguko wa pili wa gari.

Usitembee ufukweni peke yako ndani ya hifadhi, hata kama pako kimya. Omba askari wa uhifadhi.

Siku ya tatu: Saadani hadi Ushongo

Toka kabla saa zako 24 hazijaisha, ukipitia upande wa Mkwaja. Mkwaja lilikuwa ranchi kubwa ya ng'ombe kabla ya kuunganishwa na hifadhi, na bado unaona uwanda mpana wa nyasi uliobaki. Upande huu ndiko uliko ufukwe wa Madete, wanakotagia kasa wa kijani.

Ushongo iko kusini ya Mto Pangani, kwa hiyo huvuki kivuko siku hii. Utafika kupitia mashamba ya mkonge na minazi. Lala kwenye nyumba ndogo za wageni ufukweni. Ukifika tu, kabla ya kuoga, panga boti ya kesho: uliza saa ya kuondoka, saa ya kurudi, kama maboya ya kuvaa yapo ya kila mtu pamoja na watoto, na kama kiingilio cha Maziwe kimo kwenye bei. Nahodha akikuambia muda tofauti na hesabu zako za mwezi, mfuate yeye, ndiye anayejua upepo wa asubuhi hiyo.

Siku ya nne: Maziwe

Boti huondoka kama saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Beba maji ya kunywa, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo (mgongo huungua bila mtu kujua akiwa anatazama chini), kofia, na chakula kisicho na takataka. Kisiwani hakuna kivuli hata cha mkono.

Ukiwa majini usisimame juu ya matumbawe. Ukichoka, lala chali uelee, au shika kamba ya boti. Tawi moja la tumbawe huchukua miaka mingi kukua na unyayo mmoja kulivunja. Usiokote kombe wala kiti cha pweza, na usikubali kuuziwa.

Kasa bado hupanda Maziwe kutaga ingawa mchanga wao huzama. Yakiachwa pale, mayai huoza. Ndiyo maana wahifadhi wa kijiji huyahamishia Ushongo na kuyafukia upya juu ya alama ya maji. Baada ya siku 50 hadi 60 hivi watoto hutoka, na mara nyingi wageni huruhusiwa kushuhudia kwa mchango mdogo unaorudi kwenye kazi hiyo. Uliza mapema kama kuna kiota kinachokaribia. Ukibahatika, kaa nyuma ya mstari utakaoonyeshwa, usimulike kwa tochi wala simu, na usimbebe kasa mchanga kumsaidia kufika majini. Ule mwendo wa kutambaa wenyewe anauhitaji. Nimetazama watu wazima, baba na mama wenye familia zao, wakipiga magoti kwenye mchanga bila kusema neno mpaka yule wa mwisho aliyebaki nyuma amechukuliwa na wimbi.

Siku ya tano: Pangani na Tanga

Kutoka Bweni unavuka mto kuingia Pangani mjini. Serikali imekuwa ikijenga daraja la mita 525 hapo. Likiwa wazi, pita, na kama halijafunguliwa utapanda kivuko. Kwenye kivuko abiria hushuka na kupanda kwa miguu, dereva peke yake ndiye anayeingiza gari. Vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia.

Mjini tembea kwa miguu saa moja au mbili: boma la zamani, maghala, nyumba zenye milango ya kuchonga zinazoanguka moja moja. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya pwani, Desemba 1889. Mji huu unastahili matengenezo kuliko unavyopata.

Kisha kilomita 50 hadi Tanga. Kabla hujafika, chepuka Tongoni uone magofu ya msikiti na makaburi kadhaa ya Waswahili wa kale karibu na mikoko. Kwenye mafungu ya bahari ya huku ndiko Vasco da Gama alikoichoma moto meli yake moja, São Rafael, mwaka 1499, kwa kukosa mabaharia wa kutosha kuiendesha.

Tanga penyewe: mapango ya Amboni, kama kilomita nane kwenye barabara ya Horohoro, yanahitaji mwongozaji, tochi na viatu visivyoteleza. Usiku tafuta samaki wa kupaka na mihogo ya nazi, ulale mapema.

Siku ya sita na ya saba: Amani

Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami. Nunua machungwa Muheza, kwa fungu, ni matamu kuliko yale yanayofika Dar. Kutoka hapo ni kilomita 35 hivi kupanda. Tenga saa mbili, na fika kabla ya mchana kwa sababu mvua ya Amani hupenda alasiri. Sigi ndipo geti lilipo, kwenye mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari. Lipa, panga mwongozaji, kisha panda zile kona hadi Amani kwenye mita 900. Piga honi kila kona iliyofichika, malori ya chai hushuka katikati ya barabara. Wakati wa kurudi shuka kwa gia ya kwanza au ya pili, mguu usikae kwenye breki muda wote.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapa mwaka 1902 wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia yenye joto. Hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, hekta 8,380. Maji wanayokunywa watu wa Tanga hutoka Mto Sigi, na Sigi hutoka kwenye msitu huu, kwa hiyo kiingilio chako kinalinda bomba la mji mzima.

Siku ya saba fanya njia fupi ya msituni alfajiri, ukiwa kimya. Mbega na kima huwa juu ya miti, hondohondo hupita kwa kelele za mabawa. Mwombe mwongozaji akuonyeshe Saintpaulia kwenye mwamba wenye kivuli kando ya kijito: majani yenye manyoya laini, maua madogo ya zambarau, mmea usiozidi kiganja. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Usambara, aliupeleka Ulaya mwaka 1892, na leo wajukuu wa mmea huo wamejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Usichume, hata jani. Usiku toka tena na tochi kutafuta vinyonga. Rangi yao hupauka wakilala na mwanga huwaonyesha kwenye ncha za matawi. Chomeka suruali ndani ya soksi, siafu hawatoi taarifa.

Waongozaji ni vijana na wazee wa vijiji vinavyozunguka msitu. Walipe bei kamili, na nunua iliki na pilipili manga kwao.

Siku ya nane: kurudi

Shuka Muheza, shika Segera, kisha barabara kuu ya kusini. Ukifika Msata ingia kushoto, kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo, ukiwakwepa malori ya Chalinze na foleni ya Kibaha. Pumzika Mkata, barabara hii ndefu iliyonyooka ndiyo inayowalaza madereva.

Kesho yake peleka gari kuoshwa chini kwa maji baridi yenye nguvu, si juu tu. Chumvi ya Saadani na Ushongo hukaa kwenye chesisi, mabomba ya breki na ndani ya rimu, na kutu huanza bila kuonekana. Mwambie fundi asafishe chujio la hewa, litakuwa limejaa vumbi la Mkwaja, akaze nati za magurudumu, na aangalie pedi za breki zilizoshuka Amani.